Wingu linasubiri Wi-Fi

Simu ikiporwa Kariakoo, Mbagala au kwenye foleni ya Ubungo, wa kwanza kulaumiwa ni kishandu, wa pili ni mwenye simu aliyekaa dirishani huku kioo kiko wazi. Hasira zikipoa huanza hesabu ya kilichoondoka, na mara nyingi kifaa chenyewe si cha kwanza kutajwa. Laini inarudishwa siku hiyohiyo, pesa zina namba ya siri, simu nyingine itapatikana hata kwa mkopo. Kinachomliza mtu ni picha: mtoto akiwa na wiki moja, kikao cha mwisho cha ukoo kule kijijini, mama aliyekwisha kufariki akicheka jikoni.

Hapo fundi simu huuliza, "Dada, picha si zilikuwa zinapanda kwenye wingu?" Dada anajibu ndiyo, tena kwa uhakika, maana siku aliponunua simu kijana wa dukani alimfungulia akaunti ya Google na kioo kikaandika kwamba kumbukumbu zake zitahifadhiwa. Wanaingia kwenye akaunti kwa simu ya fundi. Wanakuta picha chache tu, zote za siku alizokuwa kwenye semina katika hoteli moja ya Morogoro.

Hakuna mchawi hapo. Hoteli ilikuwa na Wi-Fi. Google Photos, usipoigusa mipangilio yake, hupandisha picha simu inapokuwa kwenye Wi-Fi, na matumizi ya data ya simu yanakuwa yamezimwa mpaka uyawashe mwenyewe. WhatsApp nayo hutunza nakala ya mazungumzo kwa mtindo huohuo. Waliotengeneza programu hizi walimfikiria mtu anayerudi jioni kwenye nyumba yenye intaneti isiyopimwa, anachomeka simu ukutani, analala, asubuhi kila kitu kiko salama. Mtu wa Mbagala anarudi na bando la wiki lililobaki kidogo, analilinda mpaka Ijumaa. Simu yake husubiri Wi-Fi mwaka mzima, wala haipigi kelele kumwambia kwamba inasubiri.

Mimi naliamini wingu. Naliamini kuliko diski ya nyumbani, na kuliko fleshi mara kumi. Nisichokiamini kwa utunzaji ni mitandao ya kijamii, na huko ndiko wengi wetu tulikoziweka kumbukumbu zetu. Sisemi tumefanya hivyo kwa ujinga. Bei ya bando ndiyo iliyotusukuma.

Ubishi juu ya wingu ni wa siku nyingi. Septemba 2008 wakubwa wawili wa dunia ya kompyuta waliliponda ndani ya mwezi mmoja, kila mmoja kwa hoja yake. Larry Ellison wa Oracle alilidharau jina lenyewe, akisema limepanuliwa mpaka likameza kila kitu ambacho kampuni za kompyuta zilikuwa zikifanya tangu zamani, na kwamba ni mtindo wa kupita tu kama mitindo ya mavazi. Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huria, alikuwa mkali zaidi. Aliliambia gazeti la The Guardian kwamba wingu ni mtego: unakabidhi vitu vyako kwa kampuni, na siku ikibadilisha masharti au bei, huna pa kwenda. Ushauri wake ulikuwa kila mtu afanye kazi zake kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Ellison hakukaa na msimamo wake; leo Oracle ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa huduma za wingu. Stallman hajayumba, na ninamheshimu kwa hilo. Ila ushauri wake ulitolewa na mtu aliyezungukwa na maabara za MIT, ambako umeme hauzimiki kila mara na kompyuta ya mtu haiibwi kwa kung'olewa nondo za dirisha. Kompyuta "yako mwenyewe" hapa pwani ina maadui wengi. Hewa ya chumvi inakula vyuma vyake. Umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Fleshi unaichomeka kwenye kompyuta ya stesheneri ili uchapishe barua ya maombi ya kazi, unarudi nyumbani unakuta mafaili yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka. Nawajua wanafunzi waliopoteza tasnifu nzima kwa njia hiyo, wiki chache kabla ya kuiwasilisha. Mwalimu wa aina hii ya watu hawezi kuwa Stallman.

Kwa kifupi, wingu ni kompyuta za watu wengine, zilizopangwa kwa maelfu ndani ya majengo yenye ulinzi, majenereta na mitambo ya kupoza joto, nawe unakodi kipande chake. Amazon ilianza kuuza hifadhi ya namna hiyo Machi 2006, na mwaka huohuo ikafuata EC2, huduma ya kukodi kompyuta nzima kwa saa. Jambo ambalo sisi Waafrika hatulisemi vya kutosha ni kwamba EC2 ilitengenezwa Cape Town, na timu ya Chris Pinkham, Mwafrika Kusini aliyetaka kurudi nyumbani, na kampuni ikamkubalia afanyie kazi hukohuko. Hata hivyo Amazon yenyewe ilisubiri mpaka Aprili 2020 kufungua kituo cha data Cape Town. Akili ilitoka hapa mapema. Majengo yalichelewa miaka kumi na minne.

Umbali huo una gharama zake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikakumbwa na intaneti ya kusuasua, Tanzania ikiwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Mfanyabiashara aliyekuwa ameweka hesabu zake zote kwenye wingu alibaki anaangalia kiduara kinachozunguka. Daftari la mkopo la mwenye genge jirani lilifanya kazi kama kawaida. Niliwasikia watu wakicheka jambo hilo, na walikuwa na haki ya kucheka. Lakini nyaya ziliunganishwa, hesabu zikaonekana zilezile. Daftari likilowa mvua za masika halirudi.

Moto ni habari nyingine. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua na jengo moja likateketea kabisa. Kuna wateja waliokuwa wamelipia nakala ya akiba, na nakala hiyo ilikuwa palepale, ikaungua pamoja na ya kwanza. Septemba 2025 ikawa zamu ya Korea Kusini, nchi ambayo kwa mambo ya teknolojia huwa tunaitazama kwa kuinua shingo. Betri za lithiamu zilishika moto katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Miongoni mwa vilivyoteketea ulikuwa mfumo uitwao G-Drive, ambako watumishi wa umma walitakiwa kuweka mafaili yao ya kazi badala ya kuyaacha kwenye kompyuta za ofisini. Terabaiti 858 zilipotea. Nakala ya akiba haikuwepo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba data zilikuwa nyingi mno kutengenezewa nakala.

Nimeyarudia maelezo hayo mara kadhaa na bado yananishangaza. Kitu ni kikubwa mno kupotea, kwa hiyo tukakiacha bila akiba! Hapa Stallman angeweza kusema, "Niliwaambia." Kwangu kesi ya Daejeon inafundisha jambo dogo zaidi. Wingu lenye nakala sehemu moja halina tofauti na diski iliyo chini ya kitanda, isipokuwa ukubwa. Watoa huduma wakubwa kwa kawaida hutawanya nakala za mteja kwenye majengo zaidi ya moja, na ukilipia zaidi, kwenye miji au nchi tofauti. Swali la kumuuliza anayekuuzia mfumo wa shule, zahanati au saccos yako ni hilo tu: nakala ya pili iko jengo gani? Akianza kuzungukazunguka, tafuta mwingine.

Sasa mitandao ya kijamii, ambayo watu huichanganya na wingu kwa sababu yote yako "mtandaoni". Ukilipia hifadhi ya wingu wewe ni mpangaji mwenye ufunguo na mkataba; Facebook na Instagram ni baraza la mtu, umekaribishwa kukaa na kupiga soga, na hakuna aliyekuahidi kukutunzia begi lako. Kwa mazungumzo, baraza ni tamu. Nimepata marafiki, kazi na habari za misiba kupitia huko. Tatizo linaanza tunapoacha mabegi.

Namna tulivyofika hapo inaeleweka. Mwaka 2014 Facebook na Tigo waliwaletea Watanzania Internet.org, ambako Facebook ilifunguka bila kukatwa salio huku sehemu kubwa ya intaneti ikiwa nje ya uzio. Baadaye yakaja mabando ya WhatsApp na ya mitandao ya kijamii, ya bei ya kutupwa ukilinganisha na bando la kawaida. Tuliona basi kwamba kupandisha picha Facebook ni bure au karibu na bure, na kuipandisha Google ni kula bando. Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Albamu ya familia ikahamia Facebook. Picha za harusi zikahamia kundi la ukoo la WhatsApp. Cheti cha kuzaliwa kikapigwa picha kikatumwa kwa shangazi, ili kikihitajika shangazi akirudishe.

Gharama ya bei hiyo nafuu haionekani haraka. WhatsApp huibana picha kabla ya kuisafirisha, na usipoituma kama faili, anayeipokea hapati picha uliyopiga bali mdogo wake aliyekonda. Kwenye kioo cha simu hutagundua. Ipeleke studio ikasafishwe kwa ukubwa wa fremu ya ukutani, ndipo utakapoona nyuso zimekuwa kama uji. Tena picha ya WhatsApp huvuliwa maelezo yaliyofichwa ndani yake: tarehe na saa iliyopigwa, aina ya kamera, mahali. Zinazopitishwa kutoka kundi hadi kundi hupokea tarehe ya siku zilipopakuliwa. Miaka thelathini ijayo mjukuu ataikuta picha ya babu yake akiwa shambani, na hakuna kitu ndani yake kitakachomwambia ilikuwa mwaka gani wala shamba lipi.

Mtu akipita Mji Mkongwe, Unguja, atakuta Capital Art Studio, duka la picha lililofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Humo kuna picha nyeusi na nyeupe za mitaa, harusi na masultani, zilizopita mapinduzi ya 1964, joto na unyevu wa Zanzibar. Kuzitazama hakuhitaji neno la siri. Sitaki kusifia zamani kupita kiasi. Picha nyingi za wakati ule ziliharibika na hatutaziona kamwe. Ila zilizobaki zilibaki kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua kwamba kuzitunza ni kazi yake. Mitandao ya kijamii haina mtu huyo. Kazi yake ni kukuonyesha jambo jipya ili usiondoke.

Ushahidi tunao. Machi 2019 MySpace, uliowahi kuwa mtandao mkubwa wa kijamii kuliko yote duniani, ulikiri kwamba katika kuhamisha seva ulipoteza nyimbo, picha na video zilizopandishwa kwa zaidi ya miaka kumi. Nyimbo zinazotajwa ni kama milioni 50. Mwezi uliofuata, tarehe 2 Aprili, Google ilifunga Google+ na kufuta yaliyokuwemo. Waliokuwa vyuoni miaka ya 2000 hapa kwetu wanaikumbuka hi5 na jinsi watu walivyopamba kurasa zao kwa nyimbo na rangi zinazouma macho. Waulize leo picha zile ziko wapi.

Wafanyabiashara wadogo wanaumia zaidi ya wenye albamu. Kuna wauza nguo, keki na samani ambao hawana duka wala tovuti. Biashara nzima iko Instagram, na bei, kama tunavyojua, mpaka uifuate chemba. Orodha ya wateja ni wafuasi. Kumbukumbu ya maagizo ni ujumbe uliomo humo. Akaunti ikitekwa na mhuni anayeanza kutangaza mikopo feki, muuzaji hana ofisi ya kwenda kupiga meza. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita, baada ya amri iliyotolewa wakati wa matengenezo kukata mawasiliano kati ya vituo vyao vya data. Hata wafanyakazi wao walipata shida kuingia kwenye majengo, maana mifumo ya milango nayo ilitegemea mtandao uleule. Kama wenye nyumba walikwama mlangoni, sisi wa barazani tulikuwa nani?

Serikali nazo hufunga. Uganda ilifungia Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na miaka ilipita huku watu wakiendelea kuingia kwa VPN. Kwetu X ilifungwa Mei 2025, na kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29 mwaka huohuo, intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa. Unaweza kuwa na maoni yoyote juu ya sababu zilizotolewa. Muuza keki aliyekuwa na namba za wateja kwenye daftari au kwenye simu aliwapigia. Aliyekuwa na wafuasi tu alikaa akisubiri.

Halafu kuna suala la macho. Tunaposti kana kwamba wanaotuona ni ndugu na marafiki. Februari 2022 jarida la Time lilifichua kazi iliyokuwa ikifanyika Nairobi katika kampuni ya Sama, iliyopewa zabuni ya kukagua yanayowekwa Facebook kwa lugha kadhaa za Afrika. Vijana walikuwa wakitazama mauaji na ukatili siku nzima kwa mshahara mdogo. Daniel Motaung, mmoja wao, aliishtaki Meta; mwaka 2023 wakaguzi wengine 184 wakafungua kesi yao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikakubali kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa nchini humo. Nalitaja hili kwa sababu wengi hudhani kule juu kuna mashine tu. Kuna watu, na baadhi yao wako jirani zetu.

Katika kulinda picha, Kenya imetutangulia kwa vitendo. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi watoto bila ridhaa ya wazazi, na baa moja 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja aliyekuwa akistarehe zake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini kurasa za shule zetu bado zimejaa sura za watoto wa chekechea, na majina yao yamepachikwa vifuani. Wazazi wenyewe ndio wa kwanza kubofya moyo.

Jambo ambalo hatulizungumzi kabisa, labda kwa adabu ya msiba, ni akaunti za marehemu. Familia ikishamaliza arobaini na kugawa nguo, simu hupewa mtoto mkubwa, laini hutupwa. Laini isiyotumika hatimaye huuzwa kwa mtu mwingine, na namba hiyo ndiyo iliyokuwa ikifungua akaunti zote za aliyefariki. WhatsApp huifuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Google, tangu Desemba 2023, inafuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kuguswa. Facebook inakuruhusu kumtaja mapema mtu atakayesimamia ukurasa wako ukifa, na Google ina mpango kama huo tangu 2013, lakini nani amewahi kumwona mzee wa familia akiujaza? Sauti ya baba akitoa maelekezo ya kulima, aliyoituma kwenye kundi, inaweza kuwa ndiyo sauti pekee iliyobaki yake. Ihamishe mapema. Iweke wingu, na nyingine kwenye kompyuta ya mtoto anayeishi mkoa tofauti.

Naambiwa wingu ni ghali. Ni kweli kwa sehemu. Gigabaiti 15 za bure za Google zilikuwa zikitosha zamani, lakini tangu Juni 2021 picha zote mpya huhesabiwa humo, na mwaka 2024 nakala za WhatsApp za simu za Android zikaingizwa pia. Zikijaa unatakiwa kulipa kila mwezi, kwa kadi, na wengi hawana kadi. Kadi za mtandaoni zilizounganishwa na pesa za simu zimeanza kuliziba pengo hilo. Hata hivyo kodi ya hifadhi si kikwazo kikubwa. Ukimuuliza mtu aliyepoteza picha zake, atakwambia hakufikia hata kujaza zile 15 za bure, alishindwa kuzipandisha.

Kwa hiyo lawama yangu naipeleka kwa kampuni za simu. Zinajua kutenga bando la WhatsApp. Zinajua kuuza bando la usiku kwa bei ya chini, mitambo inapokuwa na nafasi. Zinashindwaje kuuza bando la kupandisha tu: saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa shilingi mia chache, kuelekea hifadhi yoyote atakayoichagua mteja, na wakala wa mtaani akamwonyesha mahali pa kuwasha matumizi ya data kwenye Google Photos? Mitambo ipo, saa hizo zipo, wateja wapo, na simu zenyewe zimekwisha kupanga foleni ya picha zitakazoanza.